Kijana akiwashinda, anzeni na nyumba: mwongozo kwa familia za Kigoma

Mama mmoja wa Gungu, anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi na kuwaanika auze, alinijia asubuhi akiwa ameziba mdomo kwa pindo la kanga. Mwanawe wa miaka 15 alichukua pesa ya mtaji iliyokuwa chini ya godoro, akapotea siku tatu. Aliporudi alimpiga mdogo wake kwa kuwa ndiye aliyemtaja. "Amenishinda," mama akasema. "Nitafutieni pa kumpeleka akanyooshwe."

Pa kumpeleka. Katika kazi yangu ya unasihi, hilo ndilo ombi la kwanza la karibu kila mzazi. Kwa mjomba Kasulu. Shule ya bweni mbali. Polisi wamlaze siku mbili apate akili. Nami hujibu vilevile: kabla hamjamhamisha mtoto, tubadilishe kwanza yanayomzunguka hapahapa. Hata akitulia miezi sita kwa mjomba, siku atakayorudi atakuta mlango uleule na ugomvi uleule wa saa nne usiku, na marafiki walewale wanamsubiri kona ileile.

Wataalamu wanaiita tiba ya familia. Wanaoijenga hawaanzi na kijana peke yake kwenye kiti cha mnasihi, wanaanza na wote wanaoishi naye. James Alexander na Bruce Parsons wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walianza kuifanyia utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa vijana waliokwisha kufika mahakamani. Baadaye Scott Henggeler na wenzake walijenga mtindo ambao mtaalamu huwafuata watu nyumbani kwao kwa miezi mitatu hadi mitano, akiwa na familia nne hadi sita tu mikononi na akipatikana kwa simu usiku na mchana. Sisi Kigoma hatuna wataalamu wa kutosha kufanya hivyo. Lakini kanuni zake nyingi familia inaweza kuzishika yenyewe, ikisaidiwa kidogo. Hizo ndizo ninazozieleza hapa.

Kwanza: hakikisheni tatizo ni hili

Kujibizana, kununa, kulala hadi saa nne asubuhi siku ya mapumziko, huo ni ujana. Madaktari wa afya ya akili wana orodha ya dalili 15 za tabia ya kuvunja haki za wengine na kanuni za jamii. Miongoni mwake ni kuanzisha ugomvi wa kupigana, kutesa wanyama, kunyang'anya, kuchoma vitu kwa makusudi, kuvunja nyumba za watu, kudanganya ili apate kitu, kuiba, kutoroka nyumbani na kutoroka shule. Zikionekana tatu au zaidi ndani ya miezi 12, na angalau moja ndani ya miezi sita ya karibuni, tatizo si ujana tu. Umri wa kuanza nao una uzito. Mtoto aliyeanza kabla ya miaka 10 anahitaji msaada wa haraka kuliko aliyeharibika akiwa na 14 baada ya kupata kundi jipya, kwa sababu wa pili mara nyingi huacha anapokua.

Kisha jiulizeni: amebadilika ghafla? Mtoto aliyekuwa mtulivu, ndani ya wiki chache akawa mkali na hataki kwenda mahali fulani au kwa mtu fulani, huenda kuna alichofanyiwa. Muulizeni kwa upole, mkiwa wawili tu, na msimlazimishe. Pia mwangalieni kama anasikia vizuri, kama anaweza kusoma kama wenzake, kama ana kifafa, kama amefiwa na hakuna aliyekaa naye kulia. Nimekutana na kijana aliyekuwa akitoroka darasani kwa kuwa hakuweza kusoma ubao, naye aliona afadhali aitwe mtoro kuliko mjinga.

Kama kuna silaha, kama anataka kujiua, kama kuna ukatili wa kingono, au kama yeye ndiye anayepigwa vibaya humo ndani, msiitishe kikao cha familia. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Pili: wiki moja ya daftari

Chukueni daftari la shule la kurasa chache. Kwa siku saba msimrekebishe kijana kwa jambo jipya lolote. Andikeni tu. Chagueni tabia moja au mbili zinazoumiza zaidi, kwa mfano kurudi usiku na kuchukua pesa. Kila inapotokea andikeni saa ngapi, alikuwa na nani, nini kilitangulia, nini kilifuata. La mwisho ndilo wazazi wengi husahau, nalo ndilo lenye dawa.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, yeye na wenzake walikwenda kukaa majumbani mwa watu, wakatazama na kuandika kila jambo lililopita kati ya mzazi na mtoto. Walichokiona nimekiona hapa Gungu kwa macho yangu. Ilikuwa saa nne kasoro usiku, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kijana akaingia.

"Umetoka wapi?"

Kimya. Anafunua sufuria.

"Nakuuliza wewe! Umetoka wapi?"

"Mama, niache bwana."

"Nikuache? Pesa yangu iko wapi? Wewe mwizi, kama baba yako mdogo!"

Kijana akatupa mfuniko, ukagonga ukuta. Akapaza sauti hadi majirani wakasikia. Mama akatazama mlangoni kwa aibu, akanyamaza, akampakulia ugali.

Someni tena mwisho wake. Kijana amejifunza kwamba akipiga kelele ya kutosha, maswali yanakoma na chakula kinakuja. Mama naye amejifunza kwamba akinyamaza anapata amani ya usiku huo. Wote wawili wamelipwa, kwa hiyo kesho yatarudiwa, na sauti itapanda kidogo zaidi. Siku baba akiwepo atachukua fimbo, na mtoto atajifunza jambo la tatu: mwenye nguvu ndiye anayeshinda. Wiki hiyohiyo mdogo wake alipigwa.

Simlaumu mama huyu. Anaamka saa kumi usiku kuwahi dagaa, jioni amechoka. Lakini daftari lilipoonyesha mchezo huo mara tano katika siku saba, alikaa muda mrefu anaitazama ile karatasi, kisha akasema, "Kumbe na mimi nimo."

Tatu: wakubwa wakae bila kijana

Hatua hii ina kazi kuliko zote, na wengi huiruka. Msimguse kijana kabla wakubwa hawajawa na neno moja.

Andikeni majina ya kila mtu mzima mwenye sauti kwa huyo kijana: mama, baba, bibi, mjomba, shangazi, kaka mkubwa aliyeoa, mwenye nyumba mnayepanga kwake. Mbele ya kila jina andikeni anampa kijana nini. Katika familia ya Gungu, mama alimnyima pesa, mjomba wa Mwanga akampa 2,000 kila akienda kulalamika. Baba alisema asilale nje, bibi wa Ujiji akamfungulia mlango saa sita na kumtunzia wali. Kila mmoja alifanya kwa mapenzi. Ila mtoto alikuwa na serikali nne, na kila alipobanwa na moja alihamia nyingine.

Kwa familia za wavuvi, hesabuni mwezi angani. Wakati wa giza baba yuko ziwani usiku kucha na taa, mchana analala. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, dagaa hawafuati taa na mitumbwi inapumzika. Hizo siku chache ndizo za kikao. Nimeshuhudia vikao vikivunjika kwa sababu tu vilipangwa wakati baba hajafumba jicho tangu jana.

Katika kikao hicho kubalianeni mambo matatu, msizidishe:

1. Kanuni zipi tatu zitasimamiwa na wote, hata bibi.
2. Nani atakuwa msemaji wa siku, baba akiwa majini.
3. Nani hatapewa tena nafasi ya kumlipia kijana deni, kumfichia kosa au kumpa pesa kimyakimya.

Bibi akikataa, msimshinde kwa maneno. Nendeni kwake na heshima zake, mumuulize anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa mjukuu atapigwa. Muahidini mbele yake kwamba fimbo imekwisha, na muitimize ahadi hiyo. Hapo ndipo atafunga mlango saa mbili usiku kama mlivyopatana.

Kuhusu fimbo nasema wazi kwa kuwa naulizwa kila mahali. Kijana wa miaka 15 aliyezoea kupigwa haogopi tena, anahesabu tu mpaka iishe. Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, familia 552 katika jamii 40 zilishiriki utafiti wa programu ya vikao 14 kwa wazazi na vijana, iliyoendeshwa na watu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo. Wazazi waliopitia vikao hivyo walipunguza kupiga, na wakawa wanafuatilia zaidi watoto wao wako wapi. Watu wa vijijini kama wa kwetu waliweza.

Nne: kikao na kijana

Msikifanye siku ya tukio, hasira ikiwa bado ya moto. Kaeni uani juu ya mkeka baada ya chakula, redio imezimwa, mgeni hayupo. Nusu saa inatosha. Sheria ya kikao ni moja: hakuna kutaja makosa ya zamani.

Anzeni na jambo la kweli alilolifanya vizuri. Lazima liwe la kweli, kijana ananusa sifa ya uongo kutoka mbali. Baba wa Gungu alianza hivi baada ya kuitikia shikamoo:

"Mwanangu, Jumatatu nilirudi nikakuta umejaza mapipa yote mawili. Sikukwambia kitu. Nilipaswa kukushukuru."

Kijana akatazama chini, anachora mchangani kwa kijiti.

"Usiku usiporudi, mama yako halali. Na mimi kule majini siwi na raha, nawaza umetupwa wapi."

"Nyie mnaniita mwizi hata sijafika mlangoni."

Hapa ndipo vikao vingi hufa. Baba angejibu "kwani si mwizi?" tungeinuka bila chochote. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Nani anakuita?"

"Wote. Hata bibi."

"Basi hilo jina halitatamkwa tena humu ndani. Na wewe utusaidie lisirudi."

Wanasihi hujifunza kuipokea lawama na kuitoa ikiwa na sura nyingine. "Hunisikilizi" inaweza kuwa "natamani tuongee kama zamani." Ukali wa mama unaweza kusemwa kwa jina lake la kweli, yaani woga wa kumpoteza mtoto. Si kumficha mtoto kosa lake. Pesa ya mtaji ilizungumzwa usiku huohuo na kijana alikubali kuilipa kidogokidogo kwa kuanika na kufungasha dagaa. Ila ilizungumzwa baada ya yeye kuona kuwa hakuitwa ahukumiwe.

Tano: kanuni tatu na bei zake

Ziandikwe kwa maneno yanayoweza kupimwa. "Uwe na adabu" haipimiki. "Uwe ndani saa mbili usiku siku za shule" inapimika. Kila kanuni iwe na malipo yake ikitimizwa na hasara ndogo ikivunjwa, vyote viwe vya siku hiyohiyo. Akirudi kwa saa, kesho Jumamosi ana mpira hadi saa kumi na mbili jioni. Akichelewa, simu inabaki kwa mama usiku huo. Kesho ukurasa ni mpya.

Msifanye chakula, ada wala mahali pa kulala kuwa adhabu. Na msitoe adhabu ya mwezi mzima, maana akishapoteza kila kitu siku ya kwanza hana sababu ya kujitahidi siku ya pili.

Kuna ugumu mmoja wa Kigoma ambao vitabu vya ng'ambo havina. Kijana anayeshinda mwaloni akibeba ndoo za dagaa na kuvuta mitumbwi ana pesa yake mfukoni. Zawadi ya 500 haimtikisi. Huyu mlipeni kwa kitu asichoweza kununua: nafasi ya kukaa na baba wakati wa kupanga matumizi ya nyumba, kuaminiwa ufunguo, kutumwa kwa niaba ya familia kwenye msiba. Nimeona mvulana aliyeshindikana akisimama wima siku alipotumwa peke yake Uvinza kupeleka rambirambi.

Sifa nazo zihesabiwe kwenye daftari. Kwa kila karipio, tafuteni walau mambo matatu ya kumshukuru. Wiki ya kwanza mtaona ni kazi.

Sita: marafiki

Kumwambia "achana na hao" hakujawahi kuniletea matokeo. Fanyeni hivi: jueni majina yao, jueni kwao, nendeni mkawasalimie wazazi wao. Wazazi watatu wenye namba za simu za kila mmoja, wanaoulizana "wangu yuko kwako?", wana nguvu kuliko mgambo. Kisha mjazieni kijana saa za hatari, ambazo daftari limeshazitaja. Kwa wengi ni kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku, kwenye kibanda umiza au mahali pa kubeti. Mpira, kwaya, madrasa, ufundi kwa mtu mzima anayeaminika, chochote chenye mkubwa anayetazama.

Ila msikubali haraka mradi wa kuwakusanya watukutu wote wa kata mahali pamoja ili waelimishwe. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionyesha kuwa baadhi ya programu za namna hiyo ziliwaongezea vijana ubaya. Mmoja anasimulia alivyoiba, wenzake wanacheka, na kile kicheko ndicho malipo yake. Kikundi chenye vijana watulivu wengi na wakorofi wachache ni salama zaidi.

Saba: shule

Nendeni wazazi wote wawili kama inawezekana, na msiende kuomba msamaha wala kugombana. Muombeni mwalimu wa malezi na unasihi jambo dogo: sahihi moja kila siku kwenye karatasi, amehudhuria au hakuhudhuria. Kijana anairudisha nyumbani, nayo inaingia kwenye malipo ya siku. Kama ameshafukuzwa au ameacha, mzungumze kuhusu kurudi au kuhusu ufundi kabla ya mwezi kwisha. Siku tupu zinamharibu.

Wiki ya tatu

Jiandaeni. Mara nyingi baada ya siku kumi hadi ishirini za utulivu, hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kelele iliyokuwa ikifanya kazi imegoma, basi anaongeza kelele. Wa Gungu alivunja bakuli na kulala nje usiku mmoja. Mama alinipigia analia, "Imeshindikana." Nilimuuliza kama alinyamaza na kumpakulia. Alisema hapana, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba chakula kipo na maswali yapo, akakaa kimya akisubiri. Basi haikushindikana. Ni wiki ambayo mzazi anahitaji mtu wa kumpigia simu saa tano usiku: dada, mchungaji, shekhe, jirani mwenye busara. Mchagueni mapema.

Msaada wa nje

Afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Mtendaji wa kata atawaelekeza. Mwelezeni mnataka vikao vya familia, na mpelekeeni daftari. Kwa bangi, pombe, huzuni nzito au kuona na kusikia yasiyokuwepo, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni mkaulizie huduma ya afya ya akili. Dawa na vikao vinaweza kwenda pamoja.

Akikamatwa, kumbukeni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, shauri lake, isipokuwa la mauaji, ni la Mahakama ya Watoto, na hahukumiwi kifungo cha gerezani. Nendeni kituoni mara moja, muombe mzazi awepo anapohojiwa na afisa ustawi ajulishwe. Afisa huyo huandaa taarifa kuhusu maisha ya mtoto na familia yake, na hapo daftari lenu lina thamani kuliko maneno ya mwenyekiti wa mtaa.

Nisiwafiche jambo. Uingereza waliijaribu njia ya Henggeler, ile ya mtaalamu kuwafuata watu nyumbani kwao, kwa familia 684, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha kuwa ilizidi huduma za kawaida za kule. Huduma za kawaida za kule zina watu wengi kuliko tulio nao mkoa mzima, lakini bado ni sababu ya kutoahidi muujiza. Ndiyo maana nawaambia mhesabu. Baada ya miezi mitatu, mbalamwezi ikijaa, kaeni tena na mlinganishe ukurasa wa wiki ya kwanza na wa wiki hii. Gungu, kulala nje kulipungua kutoka mara nne kwa wiki hadi mara moja kwa wiki mbili, na pesa haikupotea tena ingawa deni halijaisha. Kupigana na mdogo wake bado kupo, ndiko tunakoshughulika nako sasa, kwa daftari jipya. Lile la kwanza lisitupwe. Lifungwe kwenye mfuko wa nailoni, liwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa, maana huyo mdogo wake naye mwakani anatimiza miaka 13.